Nguzo ya Mwanamieleka na Malezi ya Mwili

Katika akhada za Bara Hindi, yaani viwanja vya mieleka na mazoezi, Bwana Hanuman huheshimiwa kuwa mlinzi wa nguvu. Humo ndimo ulimokulia mchezo wa mallakhamb, maana yake nguzo ya mwanamieleka. Katika karne ya 19, Balambhatta Dada Deodhar, mwalimu wa mieleka wa zama za Peshwa Bajirao II, aliuhuisha. Mwaka 1914 chama cha Hanuman Vyayam Prasarak Mandal kilianzishwa mjini Amravati. Mwaka 1936 vijana wake walionyesha michezo ya jadi mjini Berlin, wakati wa Olimpiki.

Mafunzo ya nguzo hiyo yana utaratibu wake: mtoto huanza kwa kushika, kupanda na kushuka salama, mashindano huja baadaye. Watoto wa mtaani kwetu hupata malezi hayohayo katika rede na kuruka kamba, wakijifunza kurusha, kukwepa na kutua. Dandiya nayo huwafunza kufuata mdundo.

Ustadi huu haupatikani kwa kuketi. Iwapo nyua zetu zote zitageuzwa maegesho ya magari, watajifunzia wapi? Tuwaachie uwanja. Udongo uwahi ungali maji.