Ushahidi wa M51: Gesi ya Baina ya Nyota na Swali la Umri wa Mikono ya Galaksi

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, magari yaliyotoka Kibiti kuelekea Lindi yalivuka mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Foleni ilikuwapo daima. Magari yaliyokuwamo ndiyo yaliyobadilika. C. C. Lin na Frank Shu, mwaka 1964, waliieleza mikono ya galaksi za kisahani kwa namna inayokaribiana na hiyo. Mkono si kundi la nyota zinazosafiri pamoja, kwani kundi hilo lingejizonga na kupotea baada ya mizunguko michache. Ni wimbi la msongamano ambalo nyota huliingia na kulitoka.

Mfano wa foleni, hata hivyo, unakomea kwa nyota. Nyota hupishana bila kugongana, gesi haiwezi. Kasi ya sauti ndani ya sehemu kubwa ya gesi hiyo haizidi sana kilomita 10 kwa sekunde, nayo huingia mkononi kwa kasi kubwa zaidi. Mwaka 1969 William Roberts alikokotoa kwamba, pale gesi inapozunguka upesi kuliko wimbi, itapunguzwa mwendo ghafla na kubanwa katika wimbi la mshtuko lililo upande wa ndani wa mkono, na nyota changa zitazaliwa mbele kidogo ya hapo.

Mwaka 1972 Mathewson, van der Kruit na Brouw, kwa darubini ya redio ya Westerbork nchini Uholanzi, walikuta mawimbi ya redio ya galaksi M51 yana nguvu zaidi kwenye mistari ya vumbi iliyo kingoni mwa ndani mwa mikono. Ushahidi huo ulichukuliwa na wengi kuwa ushindi wa nadharia nzima. Kwa maoni yangu ulithibitisha kubanwa kwa gesi tu. Umri wa mkono haukuwamo katika picha ile. Mwaka uleule Alar Toomre na Juri Toomre walionyesha kwa kompyuta kwamba mikono ya M51 hiyohiyo yaweza kuinuliwa na mvuto wa galaksi jirani, NGC 5195, iliyopita karibu nayo: nguvu ya aina ileile iletayo bamvua katika midomo ya delta ya Rufiji. Mkono wa namna hiyo nao huibana gesi, ingawa si wa kudumu.

Kama wimbi ni la kudumu, gesi na nyota changa zapaswa kupangika kwa zamu kukatiza mkono. Mwaka 2011 Kelly Foyle na wenzake walitafuta mpangilio huo katika galaksi 12, wasiuone kama nadharia ilivyotabiri.