Ritifaa katika Herufi za Katuni: Tafakuri juu ya Jina la Narung'ombe

Jina la Narung'ombe, kata iliyomo wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, lina herufi kumi na alama moja, yaani ritifaa. Vitabu vya Kiingereza vinavyosimulia mapigano ya Julai 1917 kusini-magharibi mwa Kilwa, baina ya majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani, huandika Narungombe. Makala hii inaonyesha kwamba kudondoshwa kwa ritifaa hakukuishia katika maandishi ya kikoloni. Kumepata njia mpya katika herufi za katuni zinazopamba vichwa vya habari na vifungashio.

Katika hati za Kiarabu, ghaini iliweza kusimamia g, ng na ng' pia, na msomaji aliamua kwa muktadha. Tahajia sanifu ya herufi za Kirumi, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ilitenga ng' kuwa nazali ya kaakaa laini. Utengano huo hubeba maana: kung'oa ni kutoa kitu kilichoshika ardhini, ilhali ngoa ni tamaa au wivu. Kwa hiyo ritifaa ya Kiswahili ni sehemu ya konsonanti.

Katuni za Tanzania zilianza na mkono. Chakubanga, mhusika wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye wahusika wa jarida la Sani, walisema kwa maneno yaliyochorwa pamoja na picha. Mchoraji aliyeijua lugha aliweza kupanua nafasi baina ya G na O kadiri neno lilivyohitaji.

Fonti zilizokuja tayari zilitoka kwingine. Cooper Black, yenye herufi nene za mviringo, ilitolewa Marekani mwaka 1922. Comic Sans ilibuniwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, akiiga maandishi ya vitabu vya katuni. Katika Kiingereza, ritifaa huonyesha umilikishi au herufi iliyoachwa. Ikififia, msomaji kwa kawaida bado huelewa. Mbunifu wa fonti hana sababu kubwa ya kuikuza. Herufi zinapovimba, kuegemeana na kuzungushiwa mstari mweusi, kialama hicho humezwa. Fonti isiyo nacho kabisa huifanya kompyuta iazime cha fonti nyingine, kikaonekana kama doa.

Hasara humwangukia hasa mtoto anayejifunzia kusoma kwenye paketi ya maziwa ya ng'ombe, kwani herufi kubwa na za kuchekesha ndizo anazozikariri kwanza. Humwangukia pia mwenyeji wa Narung'ombe, ambaye jina la kwao husomwa vibaya na wageni.

Wahariri na wabunifu wanaweza kuepuka hasara hiyo kwa jaribio jepesi. Kabla ya kuchagua fonti, waandike NG'OMBE kwa ukubwa utakaochapwa, kisha wamwombe mtu asiyeijua kazi hiyo alisome kwa sauti. Ritifaa isipoonekana, nafasi ipanuliwe au alama ichorwe upya.