Wapuritani Katika Maandishi Yao Wenyewe

Jina "Mpuritani" lilizaliwa katika dhihaka. Lilianza kutumika Uingereza katika miaka ya 1560, enzi ya Malkia Elizabeth I, dhidi ya wale waliokataa mavazi na taratibu za ibada ambazo, kwa maoni yao, zilibakizwa kutoka Kanisa la Roma. Tangu hapo watu hawa wameelezwa mara nyingi na wengine. Riwaya ya Nathaniel Hawthorne, The Scarlet Letter, ilitoka mwaka 1850, yapata miaka mia mbili baada ya nyakati inazozisimulia. Hata hivyo wengi wamechota humo picha yao yote ya Wapuritani. Mwanafunzi wa historia ya Kanisa hana budi kuanzia katika maandishi ya wahusika wenyewe.

Husemwa kwamba Wapuritani walizitesa dhamiri za waumini kwa swali la uteule. Ni kweli kwamba William Perkins (1558–1602), mhubiri wa Cambridge, aliandika mengi juu ya uteule. Lakini mwaka 1597 alitoa kijitabu alichokiita kwa jina la punje ya haradali, akieleza kipimo kidogo kabisa cha neema kinachofaa kwa wokovu. Humo anafundisha kwamba shauku ya kweli ya kuamini, ijapokuwa dhaifu, ni mwanzo wa imani. Hiyo ni sauti ya mchungaji anayewajua waliokata tamaa.

Richard Baxter (1615–1691) alihudumu Kidderminster, penye familia zipatazo 800. Katika kitabu chake cha mwaka 1656 kwa wachungaji wenzake, anaeleza jinsi yeye na msaidizi wake walivyotenga siku mbili kila juma ili kuzungumza na familia moja moja juu ya katekisimu. Aliona kwamba wengine walipata faida zaidi katika nusu saa ya mazungumzo kuliko katika miaka kumi ya kusikia mahubiri. Baxter alikuwa mmoja wa wachungaji wapatao 2,000 waliopoteza nafasi zao kati ya 1660 na 1662, wengi kwa kukataa masharti mapya ya ibada.

Kwa sisi Walutheri, John Bunyan (1628–1688) ni shahidi wa pekee. Katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1666, alichokiandika akiwa kifungoni Bedford, asimulia jinsi alivyopata nakala kuukuu ya ufafanuzi wa Luther juu ya Wagalatia. Akakiweka kitabu hicho juu ya vingine vyote, isipokuwa Biblia, kwa kuiponya dhamiri iliyojeruhiwa. Basi msomaji wa Safari ya Msafiri anakutana na mwanafunzi wa Luther. Mto huo ulirudi pia Ujerumani: Philipp Jakob Spener, baba wa Upietisti, alilelewa na vitabu vya ibada vya Kiingereza, na Upietisti ndio uliowasha moto wa misheni ya Kilutheri.

Maandishi ya asili hayaji kuwatetea Wapuritani tu, yanawashtaki pia. Huko Boston walimnyonga Mary Dyer, Mkweka, mwaka 1660. Huko Salem watu 19 walinyongwa mwaka 1692 kwa shtaka la uchawi. Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu wa kesi hizo, alisimama kanisani mwaka 1697 toba yake iliposomwa hadharani. Na mwaka 1700 akachapisha kijitabu cha kupinga utumwa. Bila shajara yake tungemjua hakimu tu, wala si mtubu.

Hata hivyo tofauti inabaki. Mpuritani mara nyingi alimtuma mwenye mashaka ajichunguze, atafute ndani yake alama za neema. Luther alimwelekeza nje ya nafsi yake: kwenye Neno, Ubatizo na Meza ya Bwana. Mgonjwa anapotuuliza kama Mungu amempokea, jibu letu litatoka katika mojawapo ya njia hizi mbili. Tujifunze kwa Baxter kuzibisha nyumba hodi. Lakini tukiisha kuingia, tumpe mgonjwa ahadi iliyomponya Bunyan, yaani Kristo aliyetolewa kwa ajili yake.