Farasi Hana Kifuko cha Nyongo

Farasi hana kifuko cha nyongo. Ini lake hutoa nyongo kama la ng'ombe, ila nyongo hiyo hutiririka moja kwa moja hadi kwenye utumbo mwembamba bila kuwekwa akiba. Ng'ombe anacho, na sotoka ilipofyeka mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, Wamaasai waliiita olodua, yaani nyongo, kwa sababu waliopasua mizoga walikikuta kifuko hicho kimetuna kupita kiasi. Fundi aliyesomea farasi peke yake asingekuwa na mazoea ya kutazama hapo. Naamini kila jamii imeujua mwili wa mnyama kupitia yule iliyemtegemea zaidi, na uteuzi huo ungali unaathiri masomo ya daktari wa mifugo hadi leo.

Chuo cha kwanza cha tiba ya mifugo Ulaya kilifunguliwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1762. Miongoni mwa sababu zilizoishawishi serikali ni sotoka iyo hiyo, iliyokuwa ikiangamiza ng'ombe wa bara hilo. Hata hivyo mwasisi wake, Claude Bourgelat, alikuwa mwalimu wa kupanda farasi, na vitabu vilivyomjengea jina vilihusu farasi. Katika chuo cha pili, kilichoanzishwa Alfort mwaka 1765, Honoré Fragonard alifundisha anatomia kwa kuchuna mizoga, kujaza nta ndani ya mishipa ya damu na kuikausha minofu. Baadhi ya kazi zake bado zimehifadhiwa katika makumbusho ya chuo hicho. Mkondo huo ulivuka bahari. Mwaka 1910, Septimus Sisson alipochapisha Marekani kitabu chake cha anatomia ya wanyama wafugwao, farasi ndiye aliyeelezwa kwa ukamilifu, na ng'ombe akaelezwa kwa namna anavyotofautiana naye. Kwa mtu wa Ufaransa au Marekani mpango huo ulikuwa na mantiki, maana farasi ndiye aliyevuta mizigo, majembe na mizinga. Kwa mtu wa Monduli, Umaasaini, umekaa kichwa chini.

Misri ya Wamamluki nayo ilimtukuza farasi, lakini kwa jicho jingine. Abu Bakr ibn Badr, baitari wa Sultani al-Nasir Muhammad katika karne ya 14, aliandika kitabu kirefu ambacho Nicolas Perron alikitafsiri kwa Kifaransa katikati ya karne ya 19. Fragonard alitaka kujua mshipa unapita wapi. Abu Bakr alitaka pia kujua farasi anatembeaje, rangi yake, meno yake yanasema ana umri gani, kwato zake zina kasoro gani. Mmoja alimkabili mnyama aliyelala, mwingine mnyama aliyesimama.

Mfugaji wa Kimaasai humjua mnyama wake kwa hali zote mbili. Siku ya kuchinja, mtoto huona tumbo lenye vyumba vinne likifunguliwa, hujifunza kutenga bandama na ini, na husikia wakubwa wakijadili mapafu yaliyogandamana na mbavu. Upande wa mnyama aliye hai, namna ya kutoa damu inastahili kutazamwa kwa makini. Kamba ya ngozi hufungwa shingoni ili kuizuia damu inayoshuka kutoka kichwani, mshipa hutuna, mshale wenye kizuizi karibu na ncha hufyatuliwa kwa karibu, damu hukingwa, na kamba ikifunguliwa damu hukatika na ng'ombe hurudi malishoni. Mwaka 1628 tabibu Mwingereza William Harvey alitumia jaribio linalofanana na hilo, kamba iliyofungwa kwenye mkono wa mtu, kuthibitisha kwamba damu ya vena hurudi moyoni. Harvey alijenga hoja iliyosomwa na watu ambao hakupata kuwaona. Mfugaji alipata chakula bila kumpoteza mnyama, na ujuzi wake ukabaki kwa waliokuwapo. Leo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hukandamiza shingo ya ng'ombe kwa kidole gumba mahali pale pale, mshipa ukatuna, naye akachoma sindano.

Mizoga iliyowekwa dawa isioze huonyesha umbo vizuri, lakini ukimya wake una gharama. Tumbo kuu la ng'ombe mzima hujikunja takriban mara moja hadi mbili kwa dakika, na jambo hilo hujulikana kwa ngumi iliyotulizwa nyuma ya mbavu za kushoto, wala si mezani. Vivyo hivyo ndigana kali: kupe wanaoieneza hupenda kung'ang'ania sikioni, ndiyo maana tezi iliyo chini ya sikio ndiyo huvimba mwanzo, na vidole vya mchungaji huifikia mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Kile ambacho vidole haviwezi kufikia ni kijidudu chenyewe ndani ya chembe nyeupe za damu. Hapo ndipo hadubini inapohitajika.

Ningependa kuona mitaala yetu ikianza na ng'ombe, kisha farasi afuate kwa tofauti zake, na mtoto wa mfugaji aulizwe anachokijua kabla ya kufundishwa. Lakini kuna jambo moja ambalo chuo kinapaswa kusisitiza bila kulegea. Bomani na Alfort, maarifa yamepatikana kwa kupasua. Kimeta kinakataza hilo: mzoga unaotokwa damu nyeusi isiyoganda puani na mkunduni haufunguliwi, kwa kuwa vimelea vikikutana na hewa hujitengenezea mbegu zinazodumu ardhini kwa miaka mingi, na nyama yake imekwisha kuua walaji. Daktari huchanja kidogo sikio, hupaka tone la damu kwenye kioo, na mzoga huchomwa au kuzikwa mzima.