Kiti kikiwa kitupu, analipa nani?

Najua nimepotea kidogo humu, ila si kwa kupenda. Kulikuwa na testi mbili mfululizo, halafu kuna hili suala la fremu ambalo limeninyima usingizi wiki nzima. Ngoja niwasimulie.

Tuko watatu, wote wa ualimu mwaka wa pili, na tunataka kupanga fremu moja nje ya geti la chuo. Si kwa ajili ya chipsi. Tunataka kuweka meza, viti kumi na mbili, soketi za kutosha, feni na intaneti. Mwanafunzi mwenye laptopu anakuja, analipa buku kwa siku, anakaa anafanya kazi zake. Yaani ofisi ya pamoja, kama zile za mjini, ila ya saizi yetu. Maktaba inajaa mapema na bwenini kusoma ni kubahatisha, si mnajua. Mwenye fremu anataka 150,000 kwa mwezi, na anataka miezi sita mkononi. Laki tisa hiyo! Ni bumu la watu watatu, na majibu anayataka Jumapili.

Sasa mimi somo langu la kufundishia ni Historia, kwa hiyo badala ya kukimbilia kikokotoo nikaenda kutafuta waliotangulia walifanyaje. Wenzangu wamenicheka sana. "Ticha, umeenda kuwafuata tena Wareno?" Hapana, safari hii nimewafuata wanywa kahawa.

Miaka ya 1680 huko London kulikuwa na mtu anaitwa Edward Lloyd, mwenye mgahawa wa kahawa mtaa wa Tower, karibu na mto Thames. Kwenye migahawa ya aina ile mteja alilipa peni moja, akakaa, akasoma magazeti na kumaliza biashara zake palepale mezani. Wateja wa Lloyd walikuwa manahodha, wenye meli na watu wa bima za meli. Jiulize, mtu akikaa kutwa nzima kwa peni moja, mwenye mgahawa atakula nini? Lloyd aliona kwamba wale watu hawafuati kahawa tu. Wanafuata habari: meli gani imefika, ipi imezama, ipi inauzwa. Basi akajijengea jina kwa kuwa na habari za meli mapema kuliko wengine. Mwaka 1691 akahamia mtaa wa Lombard, karibu zaidi na wafanyabiashara wakubwa, na mwaka 1696 akatoa na gazeti lake, japo halikumaliza hata mwaka. Meli zilinadiwa mle mle ndani.

Lloyd alifariki 1713 ila jina likabaki. Mwaka 1769 baadhi ya wateja walichoshwa na wacheza kamari waliojaa pale, wakajitenga, na mhudumu mmoja, Thomas Fielding, akawafungulia mgahawa mwingine. Miaka miwili baadaye, 1771, wateja 79 wakatoa pauni 100 kila mmoja ili wapate mahali pao wenyewe. Kutoka peni moja mpaka pauni 100! Hapo ndo wateja walipogeuka kuwa wenye nyumba, na ndo lile soko la bima la Lloyd's lililopo mpaka leo. Na nisiwafiche, sehemu ya pesa iliyozunguka kwenye meza zile ilitokana na bima za meli zilizobeba watumwa. Mwaka 2020 Lloyd's wenyewe waliomba radhi. Nilipofika hapo nilifunga laptopu kwanza nikatoka nje.

Niliporudi nikaruka mpaka San Francisco, Agosti 2005, maana ofisi za pamoja tunazozijua sasa huwa zinaanza kuhesabiwa pale. Kijana mmoja mwanaprogramu, Brad Neuberg, alikodi nafasi ndani ya nyumba ya kikundi cha wanawake kilichoitwa Spiral Muse. Siku mbili tu kwa wiki, dola 300 kwa mwezi. Akapanga meza, akaweka na chakula cha mchana cha pamoja. Mwezi wa kwanza hakuja mtu. Hata mmoja! Nimemuonea huruma jamani, kukaa peke yako na meza ulizozipanga mwenyewe. Baadaye watu walianza kuja mmoja mmoja, na baada ya kama mwaka akafunga, wakahamia sehemu nyingine kubwa iliyoitwa Hat Factory. Lakini angalieni hapo: alikodi siku mbili, hakukodi saba. Hasara ya kiti kitupu aliipunguza kabla haijamkuta.

Kwa majirani zetu Nairobi, iHub ilifunguliwa Machi 2010 ghorofani kwenye jengo la Bishop Magua, barabara ya Ngong. Aliyeongoza kuianzisha ni Erik Hersman, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi. Wanachama waligawanywa kwa rangi. Weupe walikuwa wa mtandaoni tu, wa kijani waliingia bure baada ya kuomba na kukubaliwa, na wekundu ndo waliolipia meza. Sasa kama wengi wanaingia bure, kodi inatoka wapi? Mwanzoni ilitoka kwa wafadhili, Omidyar Network na Hivos. Baadaye wakaongeza kitengo cha utafiti, kazi za ushauri na matukio yenye wadhamini. Meza ziliwaleta watu, ila pesa nyingine zilitafutwa pembeni ya meza. Septemba 2019 iHub ikanunuliwa na CcHUB ya Lagos.

Mwaka huohuo 2019 ndo WeWork ya New York ilipoanza kupepesuka. Januari ilithaminiwa dola bilioni 47. Kwa nusu ya kwanza ya mwaka iliingiza kama dola bilioni 1.5 na ikapata hasara ya zaidi ya milioni 900. Ilikuwa inasaini mikataba mirefu ya majengo, halafu inawapangisha watu kwa mwezi mwezi. Mteja akiondoka anaondoka, mwenye jengo bado yupo mlangoni. Ikaja korona ofisi zikabaki tupu, na Novemba 2023 ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani.

Niliposoma hiyo nikakumbuka ile miezi sita.

Kikokotoo nikakichukua sasa. Kodi 150,000, umeme na intaneti tuseme laki moja, jumla 250,000 kwa mwezi. Viti kumi na mbili vikijaa siku 26 ni 312,000, safi. Vikijaa nusu ni 156,000, pengo 94,000. Hizo ni kurasa 940 za kuchapa kwa shilingi mia, na hapo sijatoa wino wala karatasi. Tena ndani ya miezi sita hiyo kuna likizo ndefu, chuo kinafunga, na sisi wenyewe tunatawanyika mikoani kwenye mazoezi ya kufundisha. Nani atakaa kwenye kile kiti?

Jana nilimfuata mwenye fremu peke yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pesa imetoka?"

Nikamwomba miezi mitatu badala ya sita. Akacheka. Akasema kodi haiendi likizo. Ila hakukataa moja kwa moja, alisema nirudi na wenzangu.

Wazo langu ni hili: Jumamosi na Jumapili tusiuze viti, tufundishe twisheni. Watahiniwa binafsi wa kidato cha nne wamejaa mtaani na sisi ni walimu watarajiwa. Hao hawafuati kalenda ya chuo. Mwenzangu mmoja amenuna, anasema tulikubaliana chumba cha kimya, si darasa. Ana hoja. Mwingine anasema tuchukue siku tatu tu kwa wiki kama yule wa San Francisco na fundi cherehani wa jirani achukue zilizobaki, lakini cherehani zake tutaziweka wapi?

Jumapili saa kumi jioni tunaenda wote watatu. Kama kuna mdau amewahi kuendesha kitu kama hiki, aniandikie kabla ya hapo. Bumu bado lipo benki, sijaligusa.