Ratiba ya televisheni ni mali ya nani?

Inapotimia saa mbili usiku mjini Dar es Salaam, wakati ambapo vituo vikubwa vya televisheni vya Tanzania hutangaza taarifa ya habari, mjini Dubai huwa ni saa tatu. Kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeishi Dubai Silicon Oasis, eneo huru la teknolojia lililoanzishwa na serikali ya Dubai katikati ya miaka ya 2000, kuongeza saa moja ni hesabu nyepesi. Kompyuta yake, hata hivyo, haiwezi kuifanya hesabu hiyo mpaka mtu fulani aandike ratiba kwa namna ambayo kila mashine inaielewa. Historia ya maandishi hayo imeambatana na mvutano mrefu kuhusu nani mwenye haki juu ya ratiba.

Magazeti na watangazaji

Mvutano huo ulianza zamani. Mwaka 1923 wachapishaji wa magazeti nchini Uingereza walitaka BBC ilipie kuchapishwa kwa ratiba ya vipindi vyake vya redio, kama inavyolipiwa tangazo la biashara. BBC ilijibu kwa kuanzisha jarida lake, Radio Times, ambalo toleo lake la kwanza lilitoka tarehe 28 Septemba mwaka huo.

Miongo sita baadaye mambo yalikuwa yamegeuka, na watangazaji ndio waliokuwa wakiizuia ratiba. Nchini Ireland mtazamaji aliyetaka kujua vipindi vya wiki nzima alilazimika kununua majarida matatu, kwa kuwa kila mtangazaji aliichapisha ratiba yake peke yake na kudai hakimiliki juu yake. Kampuni ya Magill ilipojaribu kuziunganisha ratiba hizo katika jarida moja katikati ya miaka ya 1980, ilisimamishwa na mahakama. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo tarehe 6 Aprili 1995 ilihukumu kwamba watangazaji hao walikuwa wameitumia vibaya nguvu yao ya kuhodhi soko.

Faili la wote

Wakati hukumu hiyo inatolewa, intaneti ilikuwa imeanza kuenea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtaalamu wa programu za kompyuta, Ed Avis, alianzisha XMLTV, muundo wa faili unaoiandika ratiba kwa maneno na tarakimu za kawaida. Ndani ya faili hilo kila kituo kina kitambulisho chake, na kila kipindi kina saa ya kuanza, jina, maelezo na alama ya lugha. Kwa Kiswahili alama hiyo ni herufi mbili tu: sw. Muundo huo ulikuwa wazi kwa kila mtu, na wapenzi wa kompyuta waliutumia kurekodi vipindi bila kulitegemea jarida lolote.

Lakini uwazi wa muundo haukuondoa swali la umiliki wa habari zenyewe. Nchini Marekani maelfu ya watumiaji walikuwa wakipata ratiba bure kutoka huduma ya Zap2it Labs. Huduma hiyo ilipofungwa tarehe 1 Septemba 2007, walibaki na chombo kizuri kisicho na cha kubeba. Ili kuziba pengo hilo liliundwa shirika lisilo la faida, Schedules Direct, ambalo hununua habari hizo kwa michango ya wanachama wake.

Saa ipi?

Jambo zito zaidi katika faili la XMLTV ni saa. Huandikwa kwa tarakimu kumi na nne: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Baada yake hufuata tofauti kati ya saa za mahali hapo na saa za dunia: +0300 kwa Afrika Mashariki, +0400 kwa Dubai. Kanuni za muundo huu zinasema kwamba tofauti hiyo isipoandikwa, mashine itachukulia kuwa saa iliyotajwa ni ya dunia. Hivyo kituo cha Dar es Salaam kikisahau tarakimu hizo chache, taarifa ya habari ya saa mbili usiku itaonekana katika mwongozo kuwa ni ya saa tano usiku, na mtazamaji wa Dubai ataambiwa aisubiri hadi saa sita.

Aidha, mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, ilhali Mswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. Saa mbili ya usiku huandikwa 20 ndani ya faili. Kuirudisha kuwa saa mbili ni kazi ya programu inayomwonyesha mtazamaji ratiba, nayo haiwezi kuifanya kazi hiyo kama waliyoiunda hawakuifikiria.

Ving'amuzi vya Afrika Mashariki

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, ikianzia Dar es Salaam, na Kenya ikafuata mwaka 2015. Tangu hapo king'amuzi kimekuwa chombo cha kawaida sebuleni. Nacho hupokea ratiba iliyofumwa ndani ya mawimbi yenyewe, kwa utaratibu wa DVB uliobuniwa Ulaya katika miaka ya 1990. Utaratibu huo pia unaitambua lugha ya Kiswahili, kwa herufi tatu: swa.

Nafasi ya Kiswahili, basi, imekwishatengwa katika miundo yote miwili. Kilichobaki kiko mikononi mwa vituo: kuandika jina la kipindi, maelezo yake na saa yake sahihi, kisha kuiachia ratiba hiyo iwafikie watazamaji popote walipo. Kipindi cha kituo kisichofanya hivyo hakitaonekana katika mwongozo wa mtu aliye mbali, hata kama mtu huyo ndiye aliyekuwa akikitafuta.