Nambari ya Upepo: Historia Fupi ya Kuupima Upepo Baharini

0. Utangulizi

Upepo wenyewe hauonekani. Kionekanacho ni kazi yake. Tanga hujaa, wimbi huvunjika, moshi wa meli hulala. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kazi hiyo ilivyogeuzwa kuwa nambari tangu mwanzo wa karne ya 19, na jinsi nambari hiyo ilivyowapotosha hata wataalamu. Hoja yetu ni moja: ala ya kupimia haikuliondoa kosa, bali ililihamisha kutoka jicho la baharia hadi mahali ala ilipofungwa.

1. Tanga kama kipimo

Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliupa upepo majina kwa majira na kwa upande utokako. Kaskazi huleta majahazi kutoka Arabuni, na kusi huyarudisha. Majina hayo humtosha nahodha ajue wakati wa kutweka tanga. Hayakukusudiwa kulinganisha nguvu ya upepo wa leo na ule ambao mwenzake aliukuta katika bahari nyingine.

Haja ya ulinganisho huo ilijitokeza katika majeshi ya maji, ambayo meli zake zilitawanyika duniani kote. Tarehe 13 Januari 1806, Francis Beaufort, ofisa mzaliwa wa Ireland katika jeshi la maji la Uingereza, aliandika katika daftari lake, akiwa ndani ya meli HMS Woolwich, mpango wa ngazi za upepo kuanzia 0 hadi 13. Baadaye ngazi ya mwisho ikawa 12. Kila ngazi ililinganishwa na matanga ambayo manowari ingeweza kuyabeba. Katika ngazi ya 12 hapakuwa na tanga lililoweza kustahimili. Robert FitzRoy aliutumia mpango huo katika safari ya Beagle iliyoanza mwaka 1831, na mwaka 1838 ukawa wa lazima kwa jeshi zima la maji.

Msomaji azingatie kwamba Beaufort hakupima mwendo wa hewa. Alipima mwitikio wa chombo ambacho kila ofisa wa zama zake alikifahamu vizuri.

2. Vikombe na bahari

Mwaka 1846, Thomas Romney Robinson, mwanafalaki wa Armagh huko Ireland, alitangaza kipimaupepo chenye vikombe vinne vinavyozunguka, ala ambayo wengi huiita anemometa. Robinson aliamini kuwa vikombe huenda kwa theluthi moja ya mwendo wa upepo, viwe vikubwa au vidogo. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa uwiano huo hutegemea ukubwa wa vikombe na urefu wa mikono inayovishika. Kwa hiyo hesabu zilizofanywa kwa kanuni ya theluthi zilihitaji kusahihishwa.

Wakati huohuo, mvuke ulikuwa ukiyaondoa matanga baharini, na kipimo cha Beaufort kikapoteza msingi wake. Mwaka 1906, George Simpson alizilinganisha ngazi zake na mwendo halisi wa upepo. Leo ngazi ya 8, kwa mfano, ni upepo wa meta 17.2 hadi 20.7 kwa sekunde. Mwaka 1927, nahodha Mjerumani Peter Petersen alizieleza ngazi hizo kwa sura ya bahari: viwimbi, povu, michirizi na rasharasha. Uso wa maji ukashika nafasi ya tanga.

3. Ala ndani ya meli

Kipimaupepo kilipofungwa melini kilikutana na matatizo matatu.

Kwanza, meli inakwenda. Ikienda kilometa 20 kwa saa huku upepo wa mwendo uleule ukitoka nyuma yake, vikombe havizunguki, ingawa upepo upo. Mwendo na mwelekeo wa meli lazima viondolewe katika hesabu.

Pili, meli ni kizuizi. Hewa hupanda juu ya kiunzi chake, huongeza kasi mahali pamoja na kupungua mahali pengine. Ala mbili katika meli moja zaweza kutoa majibu tofauti.

Tatu, upepo huongezeka kadiri mtu anavyopanda juu ya maji. Kimo cha kawaida cha kulinganishia ni meta 10; kwenye meta 30 upepo huweza kuzidi kwa takribani sehemu moja ya kumi.

Tatizo hili la tatu ndilo lililozaa upotofu mkubwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 meli zenye ala ziliongezeka, na meli zenyewe zikawa ndefu zaidi kwenda juu. Kumbukumbu zilipokusanywa pamoja, zilionyesha upepo wa bahari ukizidi mwaka hadi mwaka. Mwaka 1990, Vincent Cardone na wenzake walionyesha kuwa ongezeko hilo kwa sehemu kubwa lilitokana na mabadiliko ya namna ya kupima. Mwaka 2011, Hiroki Tokinaga na Shang-Ping Xie walizisahihisha kumbukumbu za tangu mwaka 1950, wakitumia pia kimo cha mawimbi yaliyoandikwa na mabaharia. Jicho likaitwa kuisaidia ala.

4. Hitimisho

Masahihisho hayo yaliwezekana kwa kuwa, tangu mwaka 1970, orodha ya kimataifa ya meli za hali ya hewa ilianza kuandika vimo vya vipimaupepo. Bila maandishi hayo, ambayo huenda yalionekana madogo, tusingeweza kutenganisha badiliko la upepo na badiliko la meli, na hukumu zetu juu ya hali ya hewa ya dunia zingesimama juu ya urefu wa milingoti.

Mwanafunzi wa historia atalitambua somo hili. Hati yoyote husomwa pamoja na mahali alipokuwa mwandishi wake, chombo alichotumia na sababu ya kuandika. Daftari la meli halijatoka katika kanuni hiyo kwa kuwa limejaa tarakimu. Atakayelifungua na aanze kwa kuuliza: upepo huu ulipimwa kwa nini, na kutoka kimo gani?